Mlango wa Dereva

Baba yangu alikuwa dereva wa lori pale Ifakara, na mimi nilikuwa utingo wake. Lori halikuwa letu. Lilikuwa la tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga upande wa Lumemo, mtu mdogo kwa baba kwa umri, aliyemwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kumpa ufunguo. Lilikuwa na kichwa cha bluu na bodi ya mbao, nalo lilibeba kila kitu kilichopita katika bonde lile: mpunga, mbao, mkaa, matofali, ng'ombe wa Wasukuma, na mara moja kengele ya kanisa. Bluu yake ilikuwa imepauka kama khanga iliyofuliwa miaka mingi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba, na watu walinijua kama kijana asiyesema. Hata nikitumwa kiberiti dukani, nilisubiri wengine wote waondoke ndipo nisogee kwenye dirisha. Lakini ndani ya lori nilisema njia nzima, kwa sababu macho ya baba yalikuwa yanakwisha.

Hakuwahi kuniambia kwamba haoni. Kwanza alilaumu vumbi. Kisha akalaumu kioo cha mbele, nikawa nakifuta kila tunaposimama. Halafu siku moja, tunatoka Kisawasawa na magunia, akasema tu, kama mtu anayetaka mazungumzo, "Niambie habari za barabara."

Nikamwambia. "Baiskeli mbili, kushoto, zimebeba ndizi. Shimo, kulia. Mbuzi. Baba, mbuzi, mbuzi!"

Akakanyaga breki. Mbuzi wakavuka, na mchungaji wao akatutukana kwa lugha ambayo sote wawili hatukuijua.

"Kumbe unaweza kusema," baba akasema, akacheka.

Tangu hapo ikawa hivyo. Barabara yenyewe alikuwa nayo mwilini, kila kona na kila kalavati. Mimi nilimwongezea tu vitu ambavyo jana havikuwapo. Pale tunapovuka mto kwenda Lupiro, nilishuka nikatembea kinyumenyume mbele ya lori nikipiga makofi, naye akafuata makofi hayo mpaka juu ya pantoni. Mautingo wengine nao walipiga makofi, lakini si kama mimi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka.

"We bubu," watu wa pantoni walinitania, "leo umeleta ngoma?"

Niliogopa kila safari. Nilifikiri kumwambia mama, kisha nikaona anajua, maana alikuwa ameanza kumtolea baba miiba ya samaki bila kuombwa, akimwekea minofu mitupu pembeni mwa sahani. Baba alikula, akasifu samaki wa siku hizi kwamba hawana miiba mingi.

Basi tajiri akawa anamwoza binti yake, na mume alikuwa mtu wa Kisawasawa. Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, akakaa kwenye kigoda.

"Mzee," alisema, "Jumamosi tunampeleka binti yetu kwa mumewe. Akina mama wote na watoto watapanda bodi. Nataka gari ling'ae mpaka wakwe washike vinywa."

"Litang'aa," baba akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo mkononi. Niliwaona wote mle ndani ya bodi: mama, shangazi zangu, wanawake wa mtaa ambao wakianza kuimba hawashiki chochote, na watoto wamesukumwa katikati kama mizigo. Mpunga ukimwagika barabarani unazolewa, ukapepetwa, ukarudi kuwa mpunga.

Jioni tukikunja turubai nikamwambia, "Baba, Jumamosi kutakuwa na kelele."

"Kelele gani?"

"Za kuimba. Na ngoma. Hutanisikia."

Alivuta pembe ya turubai upande wake, akaikunja vizuri, akaipiga kofi ilale.

"Nitakusikia," akasema. Na sauti aliyosemea ilikuwa ile anayofungia mazungumzo.

Ijumaa asubuhi tuliliteremsha lori mpaka mto Lumemo, mahali ambapo maji hayapiti vitovu vya magurudumu. Tulikwangua tope lililokauka chini ya madigadi kwa vijiti, tukalisugua lote kwa sabuni ya mche na dodoki, na penye grisi tukapitisha mafuta ya taa. Maji yakateremka yakiwa mekundu, kisha meusi, kisha yakawa maji. Nilifurahi kidogo. Kazi ya kuosha haina maneno.

Nyumbani ndiko tulikong'arishia. Wenye pesa walikuwa na dawa za makopo kutoka Dar es Salaam, lakini madereva wengi wa kwetu walitumia majivu ya pumba za mpunga, yale ambayo akina mama wanasugulia masufuria. Majivu ya pumba ni laini kuliko unga, ila ndani yake mna meno madogo yanayokula rangi iliyokufa na kuacha iliyo hai chini yake. Unayachekecha kwa kipande cha khanga, unayachanganya na mafuta ya taa kidogo, unasugua kwa fulana kuukuu, ukizungusha mkono polepole. Mwisho unapaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa.

Na kulikuwa na desturi moja. Mlango wa upande wa usukani husuguliwa na dereva mwenyewe. Utingo anaweza kusugua gari zima, hata paa, lakini mlango ule haugusi. Ni kama kitanda cha mtu. Ukikuta lori limesimama mahali, unatazama mlango wa dereva, unajua ni mtu wa namna gani.

Mimi nilianza na boneti, kisha madigadi, kisha mlango wa upande wangu. Bluu ilirudi. Sikuwahi kuiona bluu ile tangu nizaliwe, ilikuwa kama anga la asubuhi baada ya mvua. Jirani yetu alisimama kwenye ua na masufuria yake kichwani.

"Shemeji," alimwambia baba, "ukimaliza hilo nikuletee na haya."

"Lete," baba akajibu, "mradi yawe na magurudumu."

Mchana nilikwenda sokoni kununua mishumaa. Sikukawia sana. Niliporudi, baba alikuwa amemaliza mlango wake. Alikuwa amesimama kando, shati limelowa jasho mgongoni, anapangusa mikono.

Karibu na jiko letu kulikuwa na madebe mawili ya majivu. Moja lilikuwa la majivu ya mashineni, yale niliyokuwa nimechekecha. La pili lilikuwa la majivu ya tanuri la matofali, ambayo mama aliyaweka kwa ajili ya chooni. Matofali ya kwetu huchomwa kwa pumba hizohizo, na kwa macho majivu hayo ni meusi kidogo tu kuliko mengine, ila yamejaa mchanga na chembe za tofali lililoungua. Siku zote madebe hayo yalikaa mbalimbali. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulinyesha, na mama aliyasogeza yote mawili chini ya upenu, bega kwa bega.

Debe lililokuwa wazi miguuni pa baba lilikuwa la chooni.

Mlango ulikuwa umechubuka rangi kutoka dirishani hadi chini. Duara juu ya duara, nyeupe, kama kuku wa mtaa mzima wamefukua hapo. Penye kitasa chuma kilikuwa kimetokea. Alikuwa amesugua kwa nguvu zake zote, na kwa mpangilio, hakuruka mahali. Viganja vya baba vilikuwa vigumu kama tairi, havikumwambia kitu.

"Unang'aa?" akaniuliza.

Nilikuwa na mishumaa mkononi. Nakumbuka nilikuwa naiminya, imelainika kwa jua, ikawa inapinda.

"Unang'aa?" akarudia.

"Jua linauwakia, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa, ameridhika, akaenda kunywa maji. Nikaupaka mlango nta mara mbili, mara tatu, desturi au si desturi. Nta ilijaa kwenye mikwaruzo ikaifanya ionekane zaidi. Nikaifuta. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Rangi ni kama ngozi, huirudishi kwa kuipangusa.

Tajiri alikuja alasiri kwa pikipiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zunguka uone."

Akaanza kwa mbele. Akacheka alipoona meno yake kwenye boneti. Akapita upande wangu, akapitisha kidole, akasema, "Mzee, hili umelirudisha ujana. Hata mimi nitaomba unisugue." Baba akacheka. Tajiri akazunguka nyuma ya bodi, akija upande wa usukani, na mimi nikamfuata kwa macho kama mtu anayetazama gunia linateleza juu ya rundo.

Akasimama mbele ya mlango. Cheko likamtoka usoni. Akanyoosha mkono, akaugusa, akautazama mkono wake. Kisha akanitazama mimi.

Nilijua alichokuwa ananiuliza. Ningesema, "Ni mimi niliyeharibu," asingeamini, kwa sababu ya ile desturi. Na kama angeamini, kesho baba angekaa kwenye usukani na wanawake wote wale wanaimba nyuma, na sauti yangu isisikike. Ningesema kweli, ningekuwa nimemnyang'anya baba usukani kwa kinywa changu, kinywa kilekile alichokuwa anakitegemea. Nilisimama pale kama kigingi.

Baba ndiye aliyesema, kutoka kule aliposimama. "Huo nimeusugua kwa mkono wangu. Unaweza kunyolea ndevu hapo."

Kuku alipita chini ya lori. Tajiri alikohoa.

"Kweli, mzee," akasema. "Unang'aa."

Kisha akasema tena, sasa kwa sauti ya chini, "Mzee, kesho sitaki uendeshe."

"Kwa nini?"

"Nataka uwe msemaji wetu kwa wakwe. Msemaji haendeshi gari, atafika na vumbi mdomoni. Nitamweka yule kijana wa mashineni ashike usukani."

"Mimi si msemaji. Mimi ni dereva."

"Kesho utasema, mzee wangu. Nakuomba."

Baba alikuja mpaka kwenye mlango wake, akauwekea kiganja, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake anayeagana naye. Kiganja kikatulia. Kisha akatumia ncha za vidole, kisha ukucha. Ukucha ukaingia kwenye mkwaruzo mmoja, akaufuata polepole kuuzunguka mpaka aliporudi alipoanzia.

"Majivu ya tanuri," akasema, kama anajisemea.

"Ndiyo, baba," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyoweza kuyatoa.

Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati. Tajiri aliupokea kwa mikono miwili.

Jumamosi wakampandisha bibi harusi, na bodi ikajaa. Baba alikaa mbele, kwenye kiti changu, amevaa koti. Mimi nilipanda nyuma pamoja na akina mama na ngoma. Wakaimba kama nilivyosema wataimba, mpaka sikuweza kusikia hata mlio wa injini. Lakini kuna kidirisha nyuma ya kichwa cha lori, na pale nilimwona baba kisogo, na mkono wake. Ulikuwa unanyooka, unakwenda kushoto, unashuka. Alikuwa anampa yule kijana habari za barabara. Kila penye kalavati bovu mkono ulitangulia, na lori likapunguza mwendo kabla ya kufika. Mahali fulani mkono ulishuka kwa ajili ya shimo ambalo wiki ile lilikuwa limejazwa mawe. Kijana yule akapunguza mwendo hivyohivyo, akapita taratibu juu ya barabara iliyo sawa. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikuwahi kumwambia.

Kisawasawa watoto walilikimbilia lori, na wote walikwenda kwenye mlango wa dereva, kwa sababu mikwaruzo hushika jua, na huo ndio uliokuwa unameremeta kuliko sehemu nyingine zote. Walikuwa wanaweka vidole kwenye maduara. Baba alisimama mbele ya wakwe akasema maneno machache. Mengine hayakusikika. Watu wakapiga vigelegele.

Tuliporudi, lori lililala mashineni na ufunguo ukabaki kwenye mfuko wa mtu mwingine. Tukaenda nyumbani kwa miguu, jua bado lipo. Mama na wenzake walitangulia. Baba alitembea mbele yangu kidogo, kama alivyotembea siku zote, mpaka tulipofika kwenye mfereji unaopeleka maji mashambani. Pale akasimama. Alisimama muda mrefu, mikono kwenye mifuko ya koti, watu wa harusi wakitupita na kumsalimia, naye akiitikia kila salamu.

"Niambie habari za barabara," akasema.

Nikamfikia, nikasimama ubavuni mwake.

"Mfereji," nikamwambia. "Kuna ubao, baba. Mguu wa kulia."