Redio ya Sista na Dashibodi Iliyong'aa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji moja pale Msamvu, Fundi Mkuu alinikabidhi mswaki. Nikadhani ananitania! Mpini wake ulikuwa umesuguliwa hadi ukawa bapa. "Huu ni wa kubandulia plastiki za ndani ya gari," akasema. "Bisibisi inakwaruza. Na hapa hatutoboi dashibodi ya mtu. Tundu moja tu, binti, unarudi kwenu." Jamani, kwa furaha niliyokuwa nayo, mchana sikula.

Kazi yetu ilikuwa kufunga vitu vya umeme ndani ya magari: redio, spika, alamu, na miaka ya baadaye kamera na vishikio vya simu. Nyaya tulizipitisha chini ya kapeti, tukazibana zisiguse pedali. Umeme tuliuchukua kwenye boksi la fyuzi, bila kukata waya wowote uliokuja na gari. Ukimaliza, mwenye gari asijue mkono wako ulipita wapi. Raha iliyoje!

Mwezi wa pili akaja Sista mmoja, muuguzi wa zahanati ya misheni huko juu Uluguru. Simu zilikuwa hazishiki kule, na yeye ndiye aliyekuwa akiwashusha wajawazito hospitali. Alitaka redio ya mawasiliano karibu na usukani, bila tundu, maana gari lilikuwa la kuazima. Fundi Mkuu akanipa kazi mimi. Mimi! Dashibodi iling'aa hadi unajiona sura. Ndiyo desturi yetu: gari haliendi kwa fundi likiwa chafu, linaoshwa kwanza na kupakwa mafuta ndani. Nikabandika kishikio kwa tepu ya gundi, nikakitikisa, kimeshika. Nikajisifu kwa kila aliyepita.

Kesho yake Sista akarudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Tumsifu Yesu Kristo, Sista," nikasalimia. "Milele amina," akaitikia kwa sauti ndogo, kisha akatueleza. Alikuwa anateremka na mama mwenye uchungu. Kwenye kona kali redio ikaanguka, ikaingia chini ya pedali ya breki. Akavuta hendibreki, gari likasimama tairi moja ukingoni mwa korongo. Mama alifika hospitali salama, lakini kwa neema tu.

"Nani kafunga?" Fundi Mkuu akauliza.

Nikasogea mbele. "Ni mimi, Mzee."

Akapitisha kidole kwenye dashibodi, akanionyesha. Mafuta. Gundi ilikuwa imeshika mafuta, haikushika plastiki. "Kusanya vitu vyako," akasema.

"Hapana, Mzee," Sista akadakia. "Afunge huyuhuyu. Halafu apande nami mlimani."

Fundi Mkuu akakubali. Nikatua mkoba, nikafuta kwa spiriti mara tatu, nikasubiri ikauke kabisa, nikabandika upya. Nikaongeza kipande cha bati kutoka kwenye kishikio hadi kwenye skrubu ya kiwandani iliyokuwepo chini ya dashibodi. Hakuna tundu jipya.

Tukaondoka. Wee! Gari linaruka, mawe yanagonga chini, mimi macho kwenye redio, korongo wala silitazami. Kishikio tuli! Tukiwa kwenye kona ileile, redio ikaita: zahanati wanauliza amefika wapi. Nilipiga kelele utadhani timu yangu imefunga goli. Sista akajibu huku anacheka.

Tulipofika alizima gari, ila hakushuka. Mikono yake ilikuwa bado imeung'ang'ania usukani. "Hata mimi nilikuwa naogopa, mwanangu," akasema.

Sasa nimestaafu, macho hayaoni tena waya mwembamba. Vijana huniuliza gundi ipi bora, nawatajia, na mpaka leo nikiona gari jipya mikono inaniwasha. Lakini ninyi wakubwa wa gereji, nawasihi: fundi akikosea, msimfukuze kabla hajarudia kazi yake. Siku ile nilikuwa nimeshabeba mkoba. Ningetoka vile, nisingegusa gari tena, na hadi leo ningekuwa yule binti ambaye nusura aue watu.