Picha ya Masika

Sikuwahi kuwa mtu wa kukaa. Mama yangu kule Mbeya alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Nilipoolewa Iringa na kuletwa kwenye nyumba ya mama mkwe, kila kitu mle ndani kiliniambia nikae: viti vyenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani, kikombe changu kilichowekwa mahali pake. Mume wangu alikaa nami miezi michache, kisha akapata kazi kwa wajenzi wa barabara kuu, upande wa Mbeya, akaondoka. Yaani mimi nimetoka Mbeya kumfuata yeye, na yeye akaenda Mbeya. Nilikuwa nikilifikiria hilo nasikia hasira inanipanda mpaka masikioni.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na lami ilikuwa bado haijafika kwetu. Masika yakishika, barabara ya Mbeya ilikuwa tope tupu, malori ya kwenda Zambia yamezama mpaka kwenye ekseli, na mume wangu hakuweza kuja mpaka kiangazi. Asubuhi nilifundisha darasa la nne, mchana nilisahihisha madaftari nikiwa nimesimama, jioni niliosha sufuria ambazo mama mkwe alikuwa ameshaziosha. Alinitazama tu, funguo zote za nyumba zimefungwa kwenye ncha ya khanga yake. Yeye alijua kungoja. Baba mkwe alikwenda Tanga kukata mkonge wakati mume wangu bado anabebwa mgongoni, akarudi mume wangu ameshaota ndevu, akafa muda mfupi baadaye. Mama mkwe hakunisimulia habari hiyo hata siku moja. Niliipata kwa majirani.

Kilichoniokoa ni ukumbi wa sinema. Ulijengwa zamani, enzi za Waingereza, na wafanyabiashara waliokwishaondoka, wakauachia mji. Haukuwa mali ya mtu na hakuna aliyepata faida yake. Tulikuwa na kamati, na mwenyekiti wetu alikuwa fundi cherehani wa Kihindi, mzee mpole aliyeshona pazia la ukumbi kwa mkono wake. Bati likitoboka, mtu alileta bati. Benchi likivunjika, seremala alipita baada ya kanisa. Wakati wa kipupwe akina mama walileta majiko ya mkaa wakayapanga ukutani, na watu walitazama picha wamejifunika mablanketi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchagua picha. Krismasi tuliwawekea watoto vichekesho. Kipupwe tuliweka za ngumi, maana baridi ile inataka kelele. Baada ya mavuno, harusi zinapoanza, tuliweka za mapenzi.

Masika yalikuwa na utaratibu wake. Kwa kuwa barabara zote zilikuwa mbaya na wenye picha kule Dar es Salaam walikataa kutuma mikanda kwenye mvua, tuliagiza picha moja kabla barabara haijafungwa, tukakaa nayo msimu mzima. Ndiyo iliyoitwa picha ya masika. Mji uliishi nayo mpaka watoto wakajua hata mahali mbwa anapobweka. Ukichagua mbaya, watu walikununia mpaka Juni.

Mwaka huo ninaousimulia, kabla ya mvua, bwana mmoja kutoka ofisi ya mkoa alikuja kwenye kikao chetu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mahindi ya serikali yanaoza nje chini ya maturubai, na ukumbi wetu unakaa mtupu nusu ya mwaka. Atapita baada ya Pasaka. Akiukuta mtupu, utakuwa ghala. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akavaa, akaivua tena. Mimi nilisimama nikasema haraka kuliko nilivyofikiri kwamba hataukuta mtupu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama ninayefukuzwa. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: ukumbi ukifungwa, mimi Iringa sikai. Nitarudi kwa mama yangu, mume atanikuta huko akitaka.

Picha niliyoagiza ilikuwa ya Kihindi, na nilikuwa nimeambiwa kwamba inaliza. Ilikuja na basi la mwisho kabla ya mvua kubwa, basi lile lile lililobeba sanduku la picha ya masika ya Mbeya. Chini ya mlima Kitonga lilikwama na maji yakaingia. Abiria, watu wema kabisa, waliona masanduku yanalowa, wakaifungua mikebe yote ya mikanda, wakaifuta kwa khanga na mashati yao, wakairudisha ndani vizuri. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka. Sanduku letu likashushwa Iringa, la Mbeya likaendelea.

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulijaa. Nusu ya kwanza ilikuwa ya bibi harusi kijana anayeachwa ukweni, mumewe anasafiri kutafuta maisha. Anaimba dirishani, anachota maji, anaimba tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, kama kawaida yangu, nikatamani kumtupia yule mume kiatu. Mapumziko yakaja, watu wakanunua karanga. Mwendesha mashine akafunga mkanda wa nusu ya pili, taa zikazimwa, na mbele yetu wakatokea majambazi juu ya farasi. Bibi harusi hayupo. Dirisha halipo. Yupo bibi kizee mwenye jicho moja bovu, amekaa mlangoni pa jumba kubwa na shada la funguo kiunoni, anawafokea majambazi.

Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Mwenyekiti, ambaye Kihindi ni lugha yake, alipanda mbele akaeleza. "Jamani, hii picha nyingine kabisa. Mikanda imechanganyika."

"Mzee, tulia kwanza," mtu akamjibu kutoka gizani. "Tuone inakwendaje."

Jumatatu tulipiga simu Mbeya kutoka posta. Nao walikuwa wanalia. Walikuwa na mwanzo wa majambazi na mwisho wa bibi harusi wetu. Lakini mto ulikuwa umeshachukua daraja huko mbele, na hakuna gari lililopita tena. Kamati ikataka tufunge mpaka kiangazi. Nilizunguka meza ile nikibishana na kila mmoja. Tukifunga, nilisema, tumempa yule bwana funguo kwa mikono yetu. Kama watu wanataka kutazama nusu mbili zisizojuana, watazame. Mwenyekiti akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini wakivunja viti, wewe utashona."

Hawakuvunja viti. Walibishana. Bibi harusi amekwenda wapi? Wengine walisema ametekwa na majambazi. Wengine walisema mmoja wa majambazi ndiye mumewe, tazameni anavyotembea. Mama mmoja muuza mchele kutoka Rujewa, ambaye mvua ilimkwamisha kwetu na magunia yake, alisema bibi harusi amekufa katikati, wakati wa karanga, na ndiyo maana hatukuona. Watu walirudi kila Jumamosi kutafuta ushahidi. Walikaa upande usiovuja, wamebanana, na walioshindwa katika ubishi walirudi wiki iliyofuata na mashahidi wapya. Yule mama wa mchele akapika wali kwenye sufuria kubwa nyuma ya ukumbi, akasema ni mchango wake mpaka njia ifunguke. Kwaresima ilipofika tuliogopa watu watakatika, lakini hata wazee wa kanisa walikuja. Walisema wao wanasikiliza mabishano tu, picha hawaitazami.

Mimi sikutulia hata hivyo. Nilikuwa nikihesabu vichwa, natoka nje kutazama wingu, narudi. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni bwana wa mkoa. Na usoni mwa yule bibi harusi wa dirishani nilikuwa najiona, nikawa namchukia kwa kuchota maji kwa upole kiasi kile.

Jumamosi ya baada ya Pasaka, mama mkwe alichukua mwavuli. "Twende nikaone hicho kinachowagombanisha sokoni," akasema. Maisha yake yote hakuwa ameingia ukumbini. Aliyaita mambo ya sinema uvivu wa gizani. Nilimkalisha mbele. Bwana wa mkoa alikuja siku hiyo hiyo, akakosa kiti, akasimama nami mlangoni na koti lake linachuruzika.

Nusu ya kwanza mama mkwe aliitazama mikono mapajani. Nusu ya pili, alipotokea yule bibi kizee wa funguo na ubishi ukaanza, alisimama. Watu wa Iringa walimheshimu, wakanyamaza.

"Mnabishana nini?" akasema. "Bibi harusi si huyo hapo? Amekaa anangoja mpaka amezeeka, jicho limeharibika kwa kutazama njia. Mume hajarudi. Basi. Mnataka nini kingine?"

Akakaa. Nyuma yangu mama wa mchele alisema taratibu, "Ee, ndiye." Mashine iliendelea kukoroma na majambazi wakaendelea kupiga farasi wao. Nilishika nguzo. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule muda wote ule nikidhani anafurahia ukimya wake.

Bwana wa mkoa aliniinamia. "Lakini mwalimu," akasema, "bibi huyu ni mrefu kuliko yule binti." Nikajua hapo kwamba mahindi yatatafutiwa mahali pengine. Na ndivyo ilivyokuwa. Yalipelekwa kwenye godauni moja nje ya mji, na yeye akawa anakuja Jumamosi na mkewe.

Njia ilifunguka mwishoni mwa Mei. Basi la kwanza kutoka Mbeya lilimleta mume wangu, amekonda, amepakata mikebe ya mikanda, ile nusu yetu. Alikuwa ameshaiona huko. Alicheka alipotuona pale stendi, na mimi nilimkumbatia mbele za watu nikiwa bado nimemkasirikia. Jioni ile ile tuliionyesha. Mama mkwe alikataa kuja. "Ya kwetu imekwisha," alisema.

Mume anarudi, bibi harusi anashuka ngazi anakimbia, wanaimba bustanini kati ya maua. Ndiyo hivyo tu. Taa zilipowashwa watu walikuwa kama waliolishwa uji wa mgonjwa. "Hii ya Mbeya haina kitu," mtu akasema, na wengi wakaguna. Mume wangu alishangaa, maana Mbeya watu walipiga makofi. Njiani kurudi akaniambia Jumatatu anaondoka tena, kazi imesogea mbele, kuelekea Tunduma, na safari hii huenda ikawa mwaka.

Ukumbi ulikuwa umepona, na mimi nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya upande mmoja tu. Nilijua la kufanya ukifungwa. Usipofungwa, sikuwa nimefikiria.

Mama mkwe alikuwa jikoni. "Imeishaje?" akaniuliza.

"Mume amerudi, mama. Wakaimba."

"Watoto hao," akasema, akaendelea kukoroga.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta chumbani kwangu, sanduku langu liko wazi kitandani, anakunja nguo zangu moja moja. Nilidhani ananifukuza. Nikauliza nimekosa nini.

"Hujakosa. Kesho unaondoka na mumeo."

"Na shule, mama?"

"Likizo si imefika? Nimeshaongea na mwalimu mkuu, tunaimba naye kwaya. Uhamisho utakufuata. Watoto wa kufundisha wako hata huko."

"Na wewe utabaki na nani?"

Alikunja gauni langu la bluu, akalikunjua, akalikunja vizuri zaidi. "Mimi nilikaa, mwanangu," akasema. "Niliambiwa kaa, nikakaa. Kwenye kamati yako nitaingia mimi. Mwenyekiti nimeshamwambia, amefurahi yule mzee."

Nililia kwa sauti, sikuona haya. Yeye hakulia.

Kesho yake stendi, mume wangu akiwa juu ya basi anafunga mizigo, mama mkwe alisogea dirishani pangu. "Huko Mbeya," akasema kwa sauti ya chini, "wao si waliona mwanzo wa wale majambazi? Waulize yule bibi wa funguo alikuwa nani kabla hajazeeka. Uniletee."

Niliuliza. Nilikaa Mbeya siku chache tu kabla ya kuelekea Tunduma, lakini kwenye ukumbi wao nilimpata mwendesha mashine akanieleza yote. Yule bibi hakuwa akimngoja mtu yeyote. Alikuwa tajiri, mumewe alikuwa mlevi na mwizi, bibi akamfukuza mwenyewe akiwa bado kijana, akachukua funguo za jumba na hakumpa mtu tena. Jicho lilimharibika kwa ugonjwa tu.

Krismasi nilirudi Iringa kumsalimu, mvua zimeanza, na yeye ndiye aliyekuwa amechagua picha ya masika. Nilimsimulia jikoni, nimesimama. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga yenye funguo. Kisha akavuta kigoda, akaniambia nikae nianze tena mwanzo, pole pole, nisiruke kitu. Nikakaa.