Funga, Fungua

Kaka yangu ni fundi wa magari, na watu humwita Kinyaa. Wala hajali. Kila gari linaloingia gereji lazima kwanza alinunie, aliguse kwa kidole kimoja, ateme mate pembeni, kisha aulize, "Nani alishika hii kabla yangu?" Mimi natunza stoo ya vipuri hapo hapo, mwaka wa kumi na moja sasa, na sijamsikia akimsifu fundi mwenzake. Hata marehemu hawaachi.

Jumatatu moja dereva wa zahanati ya mlimani alileta pikapu yao kuukuu. Fowili, ile gia ya kuendesha magurudumu yote manne, haishiki. Mara mbili ilikwama kwenye tope na mama mjamzito ndani, na yule wa pili alijifungulia njiani, mvua inanyesha. Mganga mkuu alishamwambia dereva kwamba ikikwama tena arudishe funguo aende zake. Dereva alikuwa na watoto wanne, na alitueleza hayo huku anatazama viatu vyake.

Kaka akaingia uvunguni, na matusi yakaanza kutoka huko huko. Difu la mbele, lile boksi la gia lililo kati ya magurudumu, lilikuwa linavuja, na mtu alikuwa ameliziba kwa sabuni ya kufulia na kipande cha shati.

"Sabuni, dada," akasema. "Hili ni gari au beseni?"

Oili iliyotoka humo ilikuwa nyeusi, nzito, inanuka kama panya aliyefia darini. Nilitoka nje kidogo.

Akasafisha, akatia oili mpya, akainua gari lote kwenye stendi, akaingiza gia ya fowili na kuniambia nikanyage mafuta taratibu. Propela ya mbele, chuma kinachopeleka nguvu kwenye difu, ikazunguka, na ekseli nazo. Magurudumu ya mbele yakabaki tuli.

"Basi gia nzima, difu zima," akasema. "Ugonjwa uko kwenye loki."

Loki ni vile visahani vya katikati ya magurudumu ya mbele. Unavizungusha kwa mkono ili gurudumu lishikane na ekseli. Akaving'oa vyote viwili, akitegemea kukuta meno yamelika. Meno yalikuwa mazima, hayana hata mkwaruzo.

"Mzee, ukifika kwenye tope, hizi unazifanyaje?"

"Nazifungua, fundi. Nashuka mwenyewe kwenye matope, nazifungua mpaka mwisho."

"Unazifungua?"

"Ili nguvu ipite. Bomba ukilifunga, maji yatatoka wapi?"

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Dereva alichukua loki moja, akapangusa tope kwa kiganja, akamwonyesha. Maneno mawili ya rangi nyekundu, kila moja na mshale wake: FUNGA, FUNGUA.

Ile G yenye mkia naijua. Iko kwenye kila boksi la stoo yangu. Herufi za kiwandani zilipofutika, kaka aliandika zake, gari hili lilipowahi kuletwa kwetu, na kwake yeye kufunga ni kushikanisha. Haikumpitikia kichwani kwamba mtu mwingine akifunga kitu, anakizima. Ashakum si matusi, nyani haoni kundule.

Alimpigia mganga palepale, simu kaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilijaa oili. "Dereva hana kosa," akasema. "Kosa ni langu." Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akitamka maneno hayo, na karibu nimhurumie.

Mganga akauliza, "Na yule dereva wa kabla yake? Si wewe uliyeniambia gari ni zima, mtu ndiye hajui kuendesha?"

Kaka akaanza kupangusa mikono kwenye ovaroli.

"Nilimfukuza kwa neno lako, fundi. Na sasa hata alikohamia sikujui."

Mimi siku ya kufukuzwa kwake naikumbuka. Mtu yule alisimama mlangoni pa gereji, akatuapia kwamba kila safari amefuata maandishi. Kaka alitema mate. Mimi nilicheka.