Kofia Kwenye Kitasa

Shida zilinianza mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi, siku tuliposhuka kwenye ndege Toronto na viatu vya kanvasi. Baba tulikuwa tumemzika Tanga muda mfupi kabla. Tukabaki wanne: bibi, mama, kaka yangu na mimi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo usitegemee maneno ya kitabuni hapa. Mimi ni fundi wa maboila. Nakueleza kama ninavyomweleza mteja: bomba limepasuka hapa, maji yamefika pale.

Machi mwaka huu niliitwa Crescent Town, kwenye jengo lile lile tulilofikia. Bomba lilikuwa linavuja kwenye maegesho ya chini. Ndani ya gari redio ilikuwa inazungumzia timu ya besiboli ya mji wetu, ambayo kila mwaka wakati huu huwa Florida kwenye jua, inachuja wachezaji: huyu kabaki, huyu katemwa, yule bado roho juu. Nikaizima. Nikashuka na sanduku la vifaa, spana ikanichomoka mkononi. Mlio wake ulikwenda mpaka nguzo ya mwisho, ukagonga ukuta, ukarudi. Nikageuka kuangalia nani anaudaka.

Hapakuwa na mtu. Lakini hapo ndipo tulipofanyia mazoezi ya besiboli utotoni, rafiki yangu, chini ya ardhi, kwa sababu juu theluji ilikuwa haijayeyuka na sisi Florida hatukuwa nayo. Kocha alikuwa mtunza jengo, mzungu mrefu mwenye vidole vilivyopinda, aliyecheza besiboli ujanani kabla hajaanza kuhangaika na maboila ya watu. Akimaliza kazi, watoto wa ghorofa zote tunamkuta chini, kati ya magari, kunanuka oili na chumvi ya barabarani. Mpira ukitua kwenye glavu, pah! jengo zima linajibu. Majina yetu yalimshinda. Wahindi, Wajamaika, Wagiriki, wote alituita kwa namba za milango yetu.

Mimi nilikuwa mrushaji. Nasema bila haya: pale chini hapakuwa na mkono kama wangu. Kaka, aliyenizidi miaka miwili, alikuja kwa sababu bibi alikataa nishuke peke yangu. Ndiye aliyenidakia. Mpira unampiga kifuani, unampiga gotini, na yeye anacheka: "Rusha tena, bwana, hiyo ilikuwa ya mtoto!" Tukirudi juu bibi anamkanda mkono kwa maji ya moto na chumvi, huku maandazi yanaumuka kwenye karai na hiliki imejaa mpaka kwenye korido. Mama alikuwa bado njiani. Kiwanda chake kilikuwa Rexdale, upande wa pili wa mji kabisa.

Kikosi kocha hakukitangaza. Hakutaka mtoto alie mbele ya wenzake. Siku ya kuchagua, alfajiri, alipita ghorofa moja moja akitundika kofia ya kijani kwenye kitasa cha mlango wa aliyechaguliwa. Mlango usio na kofia ukajijua wenyewe.

Mwaka niliotimiza kumi na miwili, bibi ndiye aliyefungua mlango kwanza, baada ya kuswali. Akaingia ameishika. Kofia moja, haina jina.

"Haya, mkubwa, njoo," akamwita kaka, akamvisha.

"Bibi, hii si yangu. Ya mdogo wangu hii."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua, bibi. Mimi nadaka kwa kifua."

"Kwangu mkubwa ndiye wa kwanza," bibi akasema, na akisema hivyo mjadala umefungwa. Kila kilichoingia nyumbani kilianzia kwa mkubwa: koti, viatu, paja la kuku. "Huyu atavaa mwakani. Sasa hivi itamfunika mpaka macho."

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama karai.

Theluji ilipokwisha tukahamia uwanjani, na siku ya kwanza bibi mwenyewe akashuka, buibui juu ya koti la baridi, sinia la maandazi limefunikwa kitambaa. Alikuja kumshukuru kocha kwa kumheshimu mjukuu wake mkubwa. Kiingereza hakuwa nacho, kwa hiyo aliyetafsiri shukrani zile nilikuwa mimi. Kocha akamtazama kaka mwenye kofia, akanitazama mimi kichwa wazi, akafumbua kinywa. Kisha akalitazama lile sinia.

"Mwambie bibi yako ahsante," akasema. Akachukua andazi.

Basi, ikapita. Kusahihisha ilikuwa kumwaibisha bibi, mtu mzima, mbele ya umati, na katika sisi watatu hakuna aliyeweza.

Kaka alisugua benchi majira yote ya joto. Wenzake wakampa jina: Kofia. "Kofia, lete maji!" "Kofia, angalia usije ukalitoboa hilo benchi!" Mimi nyuma ya waya, mkono unaniwasha. Tukirudi nyumbani, kila mara, aliivua akaninyooshea.

"Vaa basi, mpaka kwenye lifti."

"Bibi atatuona."

"Macho yake yafike huku?"

"Wanakucheka, kaka."

"Mkubwa ni jalala, bwana. Waache watupe."

Mwakani haikuja. Kocha aliondolewa kazini, na mpira ukapigwa marufuku kule chini. Kaka akapunguza maneno. Alipofika miaka kumi na sita akaanza habari za magharibi, Alberta, kazi za visima vya mafuta. Bibi akasema hapana. Asubuhi moja ya Machi nilifungua mlango niende shule. Kofia ya kijani ilikuwa kwenye kitasa, upande wa nje.

Kwa pumzi moja nilifurahi. Nilidhani nimechaguliwa. Nikaikwapua, nikakimbilia chumbani kumwonyesha kaka. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Alipiga simu kutoka Alberta Idi ya mwaka ule, na Idi iliyofuata. Baada ya hapo, kimya. Tumeulizia huko miaka na miaka, hakuna anayemjua. Bibi alikufa bado anamtengea andazi la kwanza kutoka kwenye karai, maana mkubwa ndiye wa kwanza. Hatukumwambia kamwe kofia ile ilikuwa ya nani.

Nilipomaliza kuziba bomba nilipanda mpaka ghorofa yetu. Korido inanuka dawa ya sakafu. Milango wameibadilisha yote, na vitasa vya sasa ni vya mviringo. Huwezi kutundika kitu, kinateleza.

Leo nina nyumba Don Mills, na hakuna benki inayonidai. Nina magari matatu ya kazi na mafundi wanne. Nina mke, watoto wawili, na wajukuu wanaonielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Nina karai la bibi. Nina kofia moja ya kijani, sijaivaa hata siku moja. Mlango wangu una kitasa cha kizamani, cha mkono mrefu, nilikitafuta mwenyewe madukani mpaka nikakipata. Kofia iko hapo, upande wa nje. Akipita, ataujua mlango.