Felix Si Maksai

Kwanza kabisa, Felix Heche hakuhasiwa. Wanaosema pale Sirari, mpakani na Kenya, kwamba kijana alivushwa mpaka kinyemela akakatwa uanaume wake na watu wa ng'ambo, wanasema uongo. Wanaosema marehemu baba yake, Erasto, alikula kiapo asichokitimiza na sasa mtoto ndiye anayelipa, nao ni waongo vilevile. Erasto alikuwa bwana shamba na mzee wa kanisa, na kiapo pekee alichokula ni cha ndoa. Na wale vijana wanaomwita Maksai, kama dume lililohasiwa livute plau, wangejua kilichompata wangenyamaza, wakaenda kujiangalia wenyewe.

Mama yake, Verdiana, alifundisha baiolojia miaka ishirini na miwili. Aliweza kuchora figo ubaoni bila kufungua kitabu. Mumewe alipofariki alimlea Felix peke yake, na hakuna aliyewahi kumwona mtoto huyo shuleni na sare chafu. Alipostaafu, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya sekondari anayosoma Felix, na kikao chake kilianza saa iliyoandikwa kwenye barua, wajumbe wawe wamefika au hawajafika.

Ni katika kikao kimoja cha bodi hiyo, miaka miwili iliyopita, ndipo alipoingia Mwajuma, muuguzi wa zahanati.

"Naomba nusu saa tu, Mwalimu," alisema Mwajuma. "Kwa wavulana, kidato cha pili hadi cha nne. Nataka wajue kujipima korodani."

"Kujipima nini?" aliuliza mjumbe mmoja, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Korodani, baba. Zina saratani yake, na hiyo haingoji mtu azeeke. Inawapata vijana."

"Yaani wewe binti uingie darasani kuwafundisha mamura, vijana waliotahiriwa juzi, namna ya kujishika?"

Chumba kizima kikacheka. Verdiana hakucheka. Alingoja watulie, kisha akasema kwa upole wake ule wa mwalimu, "Sista, tunakushukuru. Ila kwetu mambo ya chini ya kiuno cha mvulana hufundishwa jandoni, na wanaume wenzake. Tusiwachanganye." Akafunga faili.

Aliujua ugonjwa huo. Kila mwaka alikuwa amewafundisha watoto namna viungo vya uzazi vinavyofanya kazi. Hata mara moja hakuwaambia namna vinavyougua.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Felix alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Akioga bafuni bwenini, aligusa kitu kigumu upande wa kushoto, kama punje ya hindi. Hakikuuma. Akadhani ni teke la mpira. Wiki zikapita, kitu kikabaki palepale.

Kumwambia mama yake lilikuwa jambo lisilowezekana. Mkurya aliyekwisha tahiriwa hamwelezi mama habari za mwili wake, na mama naye haulizi. Wa kuambiwa ni baba, na kama baba hayupo, ndugu ya baba. Kwa hiyo likizo ya Pasaka alimwendea baba yake mdogo, Simoni.

"Inauma?" aliuliza Simoni.

"Haiumi, baba mdogo."

"Basi unalia nini, mura? Hiyo ni ngiri. Hata babu yako alikuwa nayo, akafa na miaka tisini." Akampeleka Ringwani kwa mzee mmoja wa dawa, wakarudi na chupa ya mizizi. "Na mama yako asijue. Mwanaume hapeleki suruali yake kwa mama."

Felix akanywa mizizi ile kuanzia Aprili hadi Agosti, asubuhi na jioni, akikunja uso. Uvimbe ukafikia yai la kanga. Akaacha mpira. Wenzake walipomuuliza, alisema goti.

Agosti, Felix akiwa nyumbani likizo fupi wakati wa kuvuna mahindi, Verdiana alimwona akiliacha gunia chini na kushika mgongo kama mzee. Siku ya pili, akibadilisha mashuka, akaikuta chupa chini ya godoro. Akaifungua, akainusa, akampigia simu Simoni aje.

"Shemeji, hii ni ya nani?"

"Ya mura."

"Anaumwa nini?"

"Usinitie majaribuni, shemeji. Hayo ni mambo ya wanaume."

"Simoni. Erasto hayupo. Nakuuliza mara ya pili."

Simoni aligeuzageuza kofia mikononi. "Ni ngiri tu. Imevimba upande mmoja. Lakini haiumi, shemeji! Haiumi hata kidogo!" Alilisema hilo kama mtu aliyeleta habari njema.

Verdiana akaketi juu ya kitanda cha mwanawe. Yeye alijua maana ya uvimbe mgumu usiouma.

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lakini kwenye benchi la zahanati ile angekaa na wake za watu aliowafundisha, na muuguzi angekuwa Mwajuma. Akampigia binamu yake wa Migori, upande wa Kenya, mwenye gari. Akamsubiri siku tisa apate nafasi. Siku ya kumi akamvusha Felix mpakani ndani ya gari la binamu huyo, vioo vimepandishwa, ili majirani wasione. Majirani wakaona. Daktari wa kliniki ya Isebania, ng'ambo tu ya mpaka, alimpapasa kijana, akanawa mikono, akasema, "Mama, hii si ya kliniki ndogo kama yangu. Rudi kwenu, uombe rufaa haraka."

Kwa hiyo mwishowe alikwenda kwa Mwajuma, tena kwa miguu, saa nne asubuhi, benchi limejaa.

Alikuwa amejiandaa kwa neno lolote. Mwajuma aliuliza moja tu, "Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

Kalamu ya Mwajuma ikasimama kidogo, kisha ikaendelea kuandika. "Mpelekeni hospitali ya rufaa Mwanza, Mwalimu. Leo. Si kesho."

Mwanza walimtoa korodani moja, ile yenye ugonjwa. Nyingine ipo, nzima. Hiyo ndiyo habari yote ya kisu, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye mboga yake. Shida ni kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha panda kwenye tezi za tumboni, na ndiyo sababu ya kuumwa mgongo. Akaanza dripu za dawa kali. Nywele zikamtoka, kisha nyusi.

"Ukiwahiwa, karibu wote wanapona," daktari alimweleza Verdiana kwenye korido. "Hata sasa tuna matumaini mazuri. Ila mngekuja mwezi ule wa pili, huenda upasuaji peke yake ungetosha."

Hilo "huenda" Verdiana alirudi nalo wodini.

Felix alikuwa akitazama dari. "Mama, wewe ulijua?"

"Nini?"

"Kwamba kuna ugonjwa kama huu."

Angeweza kumdanganya. Hakuna aliyekuwepo ambaye angembishia.

"Nilijua," alisema.

Felix akageukia ukutani. Jioni akaomba uji.

Sasa ni mwezi wa tatu, na Felix yuko nyumbani. Amekonda, na dalili za saratani kwenye vipimo vya damu hazijashuka kama madaktari walivyotaka. Atarudi Mwanza Juni. Verdiana aliachia uenyekiti, lakini aliomba nusu saa kwenye mkutano wa wazazi na wanafunzi, na nusu saa hiyo akampa Mwajuma.

"Mara moja kwa mwezi," alisema Mwajuma, "ukishaoga maji ya moto—"

"Sista, maji ya moto shule hii?" mvulana mmoja akapaza sauti nyuma. Kicheko kikapasuka, hata mkuu wa shule akacheka.

"Basi baridi, ukishajipasha jua! Moja moja, kwa vidole na dole gumba, polepole. Moja ikiwa kubwa kidogo kuliko nyingine, au ikishuka zaidi, ni kawaida. Kamrija laini kwa nyuma, kawaida. Uvimbe mgumu, au uzito usiokuwepo, njoo. Mara nyingi si saratani. Njoo hivyohivyo. Na usingoje iume."

Hapo Verdiana akasimama. Akawaambia wazazi kwamba mwanawe alikaa na uvimbe miezi sita, kwamba somo hili lililetwa shuleni kabla hajaugua, na aliyelikataa ni yeye. Hakupunguza sauti. Simoni, mstari wa pili, aliinamisha kichwa.

Obonyo, wakala wa forodha mwenye mtoto kidato cha pili, akanyoosha mkono.

"Pole sana, Mwalimu. Lakini sisi kama wazazi tungependa kujua. Huyo kijana ataweza kuoa? Watoto atapata?"

Kila mtu akavuta shingo. Verdiana alilijua jibu la daktari, neno kwa neno.

"Ya watoto wenu nimewaambia," alisema. "Hayo ya mwanangu ni yake. Sitajibu leo, na msije nyumbani kuniuliza."

Akakaa.