Gari Jekundu la Badriya

Wiki moja baada ya kumaliza eda, Badriya Abdulhadi aliingia Magomeni kwa mama yake na gari jekundu la milango miwili, limekaa chini utadhani limelala. Majirani walitoka barazani kutazama. Mama yake, Bi Samah, alilizunguka taratibu kwa sababu ya magoti yake, akagonga boneti kwa ncha ya fimbo.

"Milango mingine iko wapi?"

"Ndivyo lilivyo, mama. Ni gari la michezo."

"Na sisi tunaenda kucheza wapi?"

Badriya alicheka. Miaka yote ya ndoa alikuwa mtu wa kuendeshwa. Leseni alikuwa nayo, imekaa kwenye droo pamoja na vyeti vya shule, kwa kuwa mume wake alisema barabara za Dar zitamtoa roho. Talaka ilipokuja, Badriya aliuza bangili zake za dhahabu, akaongeza faida ya dukani, akalinunua gari hilo kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Lilikuwa limeshatembea sana, na bei ilikuwa nzuri. Hiyo bei nzuri ndiyo iliyomponza.

Duka lake la mapazia lilikuwa Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, kwa ubia na rafiki yake Ummy. Mwanzoni Badriya alitoka nyumbani akimaliza tu kuswali alfajiri. Alilipita duka bila kusimama, akaenda mpaka Feri, ambako wachuuzi walikuwa wanagombania samaki, akageuza bila kununua hata dagaa. Jiji lilikuwa bado halijajaa. Alikanyaga mafuta, gari likavuta, na kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu zamani kikalegea kidogo. Kufika saa ya kufungua duka kilikuwa kimekaza tena.

Kisha gari likaanza kudai. Kila tuta la barabarani lililamba bampa la mbele. Shimo moja tu la Magomeni lilipasua tairi na kupinda rimu, na tairi za saizi ile hazikupatikana kila duka. Oili ya kawaida halikuitaka. Mafuta yenyewe lilikunywa hata likiwa limesimama foleni. Akawa mtu wa kushinda mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya fundi mmoja anayeitwa Marcelino, mtu mpole asiyependa kumtisha mteja.

"Dada Badi, hii gari haijaharibika," alimwambia akiwa chini ya injini. "Imechoka tu. Siku ikiharibika utajua mwenyewe."

Alibadilisha shokapu. Akabadilisha bushi. Taa ya injini ikazimwa leo, kesho ikawaka. Badriya akaanza kuishi kwa kusikiliza. Asubuhi alisikiliza mlio wa upande wa kushoto, jioni alisikiliza breki. Hata dukani, mteja akimtajia vipimo vya dirisha, yeye alikuwa bado anausikia mlio.

"Shoga, huyu mama kataka mita sita," Ummy alimwambia siku moja. "Wewe umekata nne."

Mwezi huo walikuwa wamepanga kuagiza vitambaa vipya kabla ya msimu wa harusi. Ummy alileta fungu lake. La Badriya lilikuwa limeshakwenda Gerezani. Ummy hakugomba. Alikunja vitambaa vya zamani, akavipanga upya mbele ya duka ili vionekane vimeingia jana, na siku hiyo nzima hakumwita shoga.

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Bi Samah. Kila Jumanne alipelekwa hospitali Upanga kufanyiwa mazoezi ya magoti. Kuingia kwenye gari lile alilazimika kugeuza mgongo, ajiachie kwenye kiti kama mtu anayekaa sakafuni, kisha Badriya amwingizie miguu, mmoja halafu wa pili. Kutoka ndiyo balaa. Mara nyingi waliita mlinzi wa hospitali awasaidie kumvuta.

Jumanne moja mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Kufika Jangwani, mto Msimbazi ulikuwa umeshapanda, upande mmoja wa barabara umefungwa, magari yanajivuta. Badriya alikanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani.

"Nani kaunguza chakula?" Bi Samah aliuliza.

Gari likanguruma bila kusogea. Nyuma honi zikaanza. Badriya alifungua mlango akaona maji ya matope yameanza kuvuka lami, mepesi kwanza, kisha yanakuja na chupa za plastiki na majani. Kwa gari refu hayo yangekuwa maji ya kuosha tairi. Kwa lile, yalikuwa tayari kizingitini.

"Mama, toka!"

"Nitoke vipi, mwanangu?"

Badriya alimvuta mikono, akateleza. Akapiga kelele kuomba msaada, kelele ambazo hakujua anazo. Wanaume wawili waliokuwa wanasukuma mkokoteni wa nguo wakielekea Mchikichini waliuacha mkokoteni wao, wakafunganisha mikono, wakambeba Bi Samah. Baibui lilipanda mpaka magotini, kiatu kimoja kikaondoka na maji. Mama yake, ambaye hata mbele ya wakwe hakuwahi kuonekana bila ushungi, alipitishwa katikati ya magari huku watu wakichungulia madirishani. Baadaye vijana wa bodaboda walilisukuma gari mpaka palipoinuka.

Ndani ya bajaji waliyokodi, Badriya alimgeukia mama yake.

"Mama, umekasirika?"

"Nimelowa," alisema Bi Samah. "Hasira zitakuja nikikauka."

Hazikuja. Jumanne iliyofuata Bi Samah alijiitia bajaji mwenyewe, akaondoka kabla Badriya hajatoka chumbani, na hilo likamchoma kuliko maneno.

Marcelino alilishusha giaboksi, akamwonyesha sahani ya klachi iliyoungua ikawa nyeusi.

"Nikitengeneza hii, halafu?" Badriya aliuliza.

Marcelino alifuta mikono. "Halafu tutaonana mwezi ujao, dada."

Badriya alikubali litengenezwe ili liuzike. Mnunuzi alikuwa Sadalla, mfanyabiashara wa vigae, mtu mwenye gari lingine la kazi. "Hili litakuwa la Jumapili tu," alisema, akilipapasa mlango. Badriya alihesabu fedha bila kuinua uso. Kitu alichokitumikisha kila siku kwenye mashimo na foleni, kwa mwenzake kilikuwa cha Jumapili.

Akanunua gari refu la milango ya kutelezesha. Bi Samah akapanda mwenyewe, akakaa, akafunga mkanda, akasema, "Haya, twende." Vitambaa vikaingia, Ummy akarudi kumwita shoga. Kila kitu kikakaa sawa isipokuwa yeye. Alfajiri aliamka akakaa ukingoni mwa kitanda, hana pa kwenda.

Mchana mmoja simu ililia. Alikuwa Sadalla, yuko Gerezani. "Dada, limegoma kuwaka. Marcelino kahangaika nalo tangu asubuhi, anasema wewe unajua lilivyo."

"Narudi sasa hivi," Badriya alimwambia Ummy, akatoka kwa miguu, akikata katikati ya wamachinga na wapagazi mpaka gereji. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma. Alikivuta mbele. Akageuza ufunguo nusu, akasubiri pampu inong'one, akarudisha, akageuza tena, akakanyaga kidogo tu. Injini ikapokea.

Hakushuka mara moja. Aliacha mguu pale pale, akilisikia chini ya paja.

Sadalla alicheka. "Vipi, unataka ulichukue?"

"Hapana," alisema, na hakuwa anadanganya.

Akashuka, akamkabidhi ufunguo. Alirudi dukani kwa hatua za haraka, akiwapita hata watu ambao hawakumzibia njia. Ummy alimuuliza kama ameshakula, Badriya akashindwa kukumbuka. Akachukua futi, akaanza kupima pazia lililokuwa limeshapimwa.