Sala Niliyoandikiwa na Simu

Naandika haya nikiwa nimejifunika uso kwa mkono mmoja, na kama mwandiko unayumba ujue ni aibu, wala si kalamu. Watu wote waliokuwa ukumbini Lurambi siku ile wanakijua kisa hiki, basi heri nikieleze mwenyewe, maana nikiwaachia wao watakiongezea chumvi, na chumvi iliyopo inatosha.

Senje Rosa ni dada yake baba, na nimeishi kwake tangu nianze kidato cha kwanza. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu kwenye saiba moja, duka la kompyuta za kukodi, mjini Kakamega. Mtu anakuja na karatasi iliyokunjwakunjwa, anasema, "Mama, niandikie barua ya kazi," na Senje anaiandika mpaka mwenyewe akisomewa anajiona mtu wa maana. Halafu watu wakaanza kuandikiwa barua na simu zao, bure, wamelala kitandani, na saiba ikafungwa. Senje akarudi nyumbani akawa anapanga upya vyombo vya jikoni kila siku. (Ukimjua Senje utajua kile kilikuwa kilio.)

Ndipo tukasikia kwamba kaunti, shirika fulani na chuo cha ufundi wameshikana mikono kuwafundisha watu wanaotafuta kazi jinsi ya kuishi na akili unde, hii AI inayozungumziwa kila mahali. Senje akajiandikisha, akaniandikisha na mimi bila kuniuliza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukimbilia chumbani wageni wakibisha hodi.

"Utanisindikiza," akaniambia. "Mimi nitaongea, wewe utabonyeza."

Mwalimu wetu aliitwa Madam Khavere, mpole, sauti ya chini, na alirudia jambo moja mpaka tukaliota: mashine inaandika, lakini mtu ndiye anayesoma, kwa hiyo usitume kitu ambacho hujakisoma. Siku ya kwanza Senje alimwuliza mbele ya wote, "Sasa Madam, hii ndiyo ilinifukuza kazi. Unataka niisalimie?" Madam akacheka, akamwambia, "Isalimie, mama, kisha uikague vile ulikuwa unakagua barua za watu." Na kweli Senje akaizoea, kwa namna yake ya kugombana nayo. Ungemsikia akiikaripia simu, "Hapana, wewe! Mkulima wa Matete haongeangi hivyo. Andika tena!"

Siku ya mwisho waajiri walikuwa waje kutuona. Mmoja wao, Bwana Wanyama, ni meneja wa chama cha ushirika cha wafugaji upande wa Bukura. Wakulima wake humtumia maswali kwa simu (ng'ombe anakohoa, maziwa yamepungua), mashine inaandika jibu, na yeye alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kusoma majibu hayo na kuyanyoosha kabla hayajamfikia mwenye ng'ombe. Mtu mmoja tu. Senje aliitaka kazi hiyo mpaka jana yake akabakiza ingokho kwenye sahani, paja zima la kuku, na kwetu hilo ni tangazo la dharura.

Basi tukafika, wageni wakakaa mbele, na kama mnavyojua hapa kwetu kikao hakifunguliwi bila sala. Mchungaji aliyekuwa akituombea kila asubuhi hakutokea. Madam akasema, "Tupate kijana atuombee." Mimi nikainama kutafuta kitu chini ya kiti (hakukuwa na kitu).

"Huyu msichana wangu!" Senje akapaza sauti. "Huyu anaombanga vizuri sana!"

Uongo mtupu. Nyumbani mimi husema "asante kwa chakula" kijiko tayari kiko mkononi. Lakini nilimwelewa, alitaka Bwana Wanyama atuone, ajue tunatoka nyumba ya watu wenye adabu.

Sasa, ningesema tu Baba Yetu. Naijua, kila mtu anaijua, ukumbi mzima ungenisaidia hadi mwisho. Lakini nikaona kwa wageni wakubwa hivi lazima itoke sala ya uzito, nikamnong'oneza Madam, "Nipe dakika nijiandae kiroho," nikatoka nje hadi nyuma ya tangi la maji, nikatoa simu nikaandika: niandikie sala nzuri ya kufungua mkutano wenye wageni wa heshima. Ikatoka sala ndefu, imepangwa vizuri, ina maneno ambayo hata mchungaji huyatunza kwa ajili ya Krismasi. Sikuisoma. Najua, najua! Wiki mbili nzima nimefundishwa jambo hilo moja.

Nikarudi, nikapewa kipaza sauti, watu wakasimama wakafumba macho, mimi nikaacha yangu wazi, simu nimeishika chini karibu na kiuno. "Ee Mungu Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi, chemchemi ya hekima yote na maarifa yote..." Mtu nyuma akaitikia, "Ndiyo, Baba!" Sauti yangu ikapanda. Nikaanza kujisikia, na hapo ndipo ibilisi huwekaga kiti chake.

"Tunamkabidhi mikononi mwako mgeni wetu wa heshima, weka jina la mgeni hapa."

"Amina," wakaitika wachache, kwa mazoea tu.

Nikasikia masikio yakiwaka moto. Ningenyamaza! Lakini mtu anayesoma kwa woga ni kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko. "Pamoja na taasisi yake tukufu ya, jaza jina la taasisi..." Mtu akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Nikataka kuruka mstari, kidole kimelowa jasho, kikagusa alama ya kusomewa kwa sauti, kando ya mstari wa mwisho kabisa, na simu yenyewe ikaanza kunguruma kwa sauti ya mwanamume, nzito kama ya msoma habari wa redio, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaiinua niitazame, kumbe naisogeza kwenye kipaza sauti.

"Hiyo ndiyo sala yako. Je, ungependa niifupishe?"

Na Senje wangu, macho amefumba kabisa, mikono ameinua juu, akajibu kwa imani yote:

"Ifupishe, Baba, miguu inauma!"

Ukumbi ukalipuka. Kijana mmoja alichuchumaa kabisa. Madam akageukia ukuta, mabega yanacheza. Mimi nikamtafuta Senje, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amefumbua macho anamtazama Bwana Wanyama, uso wake kama wa mtu anayeona chungu kikianguka na hawezi kukifikia. Afadhali angenitukana.

Nilitaka kukimbia, lakini Madam akaja akaitoa simu mkononi mwangu taratibu. "Watu bado wamesimama," akasema. "Maliza."

"Siwezi, Madam."

"Sema neno moja tu. La kwako."

Nikafumba macho. Sikumbuki niliyatoa wapi maneno, ila yalikuwa haya: "Baba, hawa watu wanatafuta kazi. Senje wangu ameandikia wengi barua wakaajiriwa, na sasa yeye ndiye hana. Leo nimemharibia. Usiniangalie mimi, mwangalie yeye. Na Bwana Wanyama umpe uvumilivu, ng'ombe zake zinakohoa. Amina."

Ile Amina haikuwa kubwa, lakini kila mtu aliisema.

Baadaye Bwana Wanyama akaita watu mezani mmoja mmoja. Zamu ya Senje ilipofika nikamfuata, maana mimi ndiye wa kubonyeza.

"Mama," akasema, mdomo anaubana, "ni wewe uliyesema ifupishwe?"

"Ni mimi. Sina la kujitetea."

"Hukujua ni simu?"

"Nilidhani ni mchungaji mgeni," Senje akasema. "Lakini hata angekuwa mchungaji kweli, ningemwambia. Maneno mengi, na hata jina lako hayajui! Mtumie mkulima jibu la namna hiyo uone kama kesho hatapeleka maziwa kwingine."

Bwana Wanyama akamsukumia simu yake, swali la mkulima juu, jibu la mashine chini. Senje akavaa miwani, akasoma huku midomo inatembea. "Inamwambia aite daktari wa mifugo. Vizuri. Lakini haijauliza kama ng'ombe ana mimba, na dawa hutegemea hilo. Na hii 'mpendwa mteja' tuitoe. Mtu ng'ombe wake anaumwa, hataki mapenzi."

"Njoo Jumatatu," Bwana Wanyama akasema, safari hii anacheka wazi. "Tujaribu mwezi mmoja, tuone."

Tulitembea hadi karibu na soko, mimi nikiwa nyuma kidogo kama mbuzi aliyekula mboga za watu. Ghafla Senje akashika nguzo ya stima akaanza kucheka, anacheka mpaka machozi, anajipiga paja, "Weka jina la mgeni hapa! Wewe mtoto wewe!" Halafu akanivuta akanikumbatia pale pale barabarani, watu wa bodaboda wanatutazama. "Lakini ukirudia," akaninong'oneza, "nitakutoa kwenye ukoo."

Sirudii. Nimeapa sitafungua mdomo mbele ya watu na jambo ambalo mimi mwenyewe sijalisoma, na nikiomba, nafumba macho kama watu wengine. Ubaya ni kwamba sasa najulikana, hakuna arusi, hakuna matanga, hakuna kikao cha akina mama ambapo siitwi, "Yule msichana wa simu atuombee!" Nasimama, nasema mistari yangu miwili mitatu, nakaa. Wanadai wananipenda kwa sababu mimi nikiombea ugali, obusuma haupoi.